Naomba ushauri: fani ndogo ya mifumo ya habari kwa mwanafunzi wa uhasibu

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wenzangu. Mimi ni Mtanzania, nasoma uhasibu hapa Marekani kwa viza ya F-1, mwaka wa pili. Mwisho wa muhula huu natakiwa kuandikisha maina, yaani fani ndogo ya pembeni, na moyo wangu uko kwenye mifumo ya habari na teknolojia. Ni krediti 18: hifadhidata, usalama wa mitandao, uchambuzi wa mifumo na kadhalika.

Kinachonivuta ni mtihani wa CPA, yaani leseni ya uhasibu ya Marekani. Tangu Januari 2024 una sehemu 3 za lazima na moja ya kuchagua, na mojawapo ya hizo za kuchagua ni ISC, inayohusu mifumo ya habari na udhibiti wake. Ukaguzi wa mifumo naupenda kweli. Nilishachukua kozi moja ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ikanitoa jasho lakini nikaifaulu vizuri.

Mshauri wangu wa masomo amenikata maini kidogo: maina haimpi mtu ile nyongeza ya miezi 24 ya OPT (kibali cha mwenye F-1 kufanya kazi baada ya kuhitimu) inayotolewa kwa fani za sayansi na teknolojia, kinachoangaliwa ni fani kuu ya shahada.

Kwa mliopitia njia hii, maina iliwasaidia kupata kazi ya ukaguzi wa mifumo, au waajiri walitazama CPA na CISA (cheti cha ukaguzi wa mifumo) tu? Na je, ni busara niongeze mwaka mzima ili mifumo ya habari iwe fani kuu ya pili, wakati ada analipa mama kwa mkopo?