Riwaya ya besiboli na swali la haki: mlango ukifunguliwa kwa mtu mmoja, haki imeshatendeka?

Msomaji_Pasiansi

Wakuu habari za jioni. Tuna kikundi chetu cha kusoma vitabu hapa Mwanza, tunakutana Pasiansi, na safari hii tumeangukia riwaya ya Mmarekani William Brashler ya mwaka 1973, inamhusu mchezaji wa besiboli anaitwa Bingo Long. Mchezo wenyewe wengi huku hatuujui ila haisumbui, ukishaelewa kuna mtu anarusha mpira, mwingine ana rungu anaupiga halafu anakimbia kuzunguka vituo, na nyuma ya mpigaji kachuchumaa mdakaji, inatosha kabisa kusoma.

Hadithi ni ya 1939, enzi watu weusi wamefungiwa nje ya ligi kubwa. Bingo ni mdakaji hodari, anachoshwa na mwenye timu, anakusanya wenzake wanaanzisha timu yao wanazunguka miji midogo kucheza na timu za wazungu wa hapohapo. Sasa ili watu waje na wao wapate hela ya kula na mafuta ya gari inabidi wafanye vichekesho uwanjani, yaani mtu anajua mpira kuliko wote pale lakini lazima ajifanye kituko.

Kilichotugawa ni hiki. Mmoja wetu akasema mbona hayo yaliisha, 1947 mchezaji mweusi Jackie Robinson aliingia ligi kubwa mambo yakawa sawa, mwenye kipaji akaonekana. Mwingine akasema ile haikuwa haki ilikuwa biashara. Tukabishana mpaka giza. Naomba wenye kujua falsafa mnisaidie, haki ikiletwa na mtu anayetafuta hela zake bado ni haki? Na hawa wa kuchekesha walipoteza utu wao au walikuwa na akili ya maisha?

Bugando_Jr

Mkuu swali zuri sana hili. Mimi nianze na historia kidogo maana watu wengi wanadhani weusi walikuwa hawajawahi kucheza huko juu mpaka Robinson, sio kweli. Mwaka 1884 kulikuwa na mdakaji mweusi anaitwa Moses Fleetwood Walker kwenye timu ya Toledo, akacheza ligi kubwa kabisa. Baada ya hapo mlango ukafungwa, na kilichoufunga sio sheria iliyoandikwa, ni wenye timu walielewana tu kimyakimya. Hata kamishna wa ligi, Landis, mwaka 1942 alisema hadharani kwamba hakuna kanuni yoyote inayozuia mtu mweusi kusajiliwa. Na kweli kwenye karatasi haikuwepo! Ila hakuna aliyesajiliwa.

Hapa ndo falsafa inapoingia. John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani, kitabu chake cha nadharia ya haki kilitoka 1971, anasema kama mnataka kutunga kanuni za jamii zilizo za haki, mkae nyuma ya pazia la kutojua, hujui utazaliwa mweusi au mweupe, tajiri au fukara, una kipaji au huna, ndo mkubaliane. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeko nyuma ya pazia angekubali kanuni ya "weusi wasicheze" maana inaweza kuwa yeye. Na jambo lililonigusa, Rawls mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa besiboli, kuna barua yake ya 1981 anausifu mchezo, mojawapo ya sababu anasema haubagui maumbile, mrefu mfupi mnene mwembamba kila mmoja ana sehemu yake uwanjani. Mchezo unaopokea kila umbo la binadamu ukakataa rangi zaidi ya miaka 60, hebu fikiria hilo.

Lakini pazia la Rawls lina shida yake pia. Charles Mills, mwanafalsafa aliyekulia Jamaika, kwenye kitabu chake cha 1997 alisema mkataba halisi uliojenga nchi kama Marekani haukuwa wa watu wote, ulikuwa wa wazungu kukubaliana wao kwa wao namna ya kuwatendea wengine. Ukisoma habari za wale wenye timu na maelewano yao ya kimyakimya unaona Mills anaongea kitu kinachoshikika.

Nyakato_Kwetu

Kuhusu vichekesho mimi naona ni kudhalilishwa tu, tusipambe. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, aliandika mwaka 1903 kwamba mtu mweusi Marekani anaishi akijitazama kwa macho ya wengine, anajipima kwa kipimo cha watu wanaomdharau. Mchezaji anayejifanya mjinga ili mzungu acheke asije akakasirika kwa kufungwa, huyo ameshayavaa yale macho. Hela alipata sawa. Ila mtoto aliyekaa pale jukwaani ameondoka na picha gani?

DadaMwaloni

Kaka Nyakato nakuheshimu ila hapo sikubaliani na wewe. Mimi nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, nabembeleza wateja kutwa nzima, nacheka na mtu aliyenitukana asubuhi kwa sababu nyumbani wanakula kwa hiyo hela, sijawahi kuona utu wangu umepungua. Aliyepungukiwa utu ni yule anayemlazimisha mwenzake achekeshe ndo amlipe. Wewe lawama umempelekea aliyebanwa.

Na hili la kanuni isiyoandikwa alilosema Bugando_Jr huku ziwani tunalijua vizuri. Hakuna sheria ya nchi inayosema mwanamke asipande mtumbwi kwenda kuvua, itafute popote huipati. Ila jaribu uone, utaambiwa ni mkosi, samaki watakimbia, wavuvi watashuka. Wanawake tunaanika, tunauza, tunakopesha mpaka hela ya mafuta ya injini, lakini kule kwenye maji penye uamuzi wa nani anapata kiasi gani hatupo. Na huwezi kumshitaki mtu, utamshitaki nani? Kila mmoja atakwambia mimi sina neno, ni hawa wenzangu.

Mwl_Nansio

Wanangu nawasalimu kutoka Ukerewe. Nimefundisha sekondari miaka mingi na sasa nimestaafu, mjadala kama huu unanifurahisha.

Msomaji umeuliza haki ikiletwa na mwenye kutafuta faida. Branch Rickey, bosi wa timu ya Brooklyn Dodgers, alikutana na Robinson Agosti 1945, akampeleka kwanza Montreal 1946, halafu tarehe 15 Aprili 1947 akamwingiza uwanjani Brooklyn. Mwaka ule watazamaji wa Dodgers nyumbani walipita 1,800,000. Kwa hiyo faida ilikuwepo na Rickey hakuwa mtoto, aliijua. Ukimuuliza mwanafalsafa Kant atasema thamani ya tendo iko kwenye nia, na usimfanye binadamu kuwa chombo tu cha kufikia lengo lako. Ukiwauliza wanafalsafa Waingereza akina Bentham na Mill watasema angalia matokeo, ni watu wangapi maisha yao yamekuwa bora. Mimi nawaambia nia ya Rickey tumwachie Rickey. Mchezaji ana haki ya kucheza hata kama bosi ana roho mbaya, haki yake haisubiri moyo wa bosi usafike.

Tena Aristotle, mwanafalsafa wa kale wa Ugiriki, alitoa mfano wa filimbi. Filimbi nzuri apewe nani? Sio tajiri, sio wa ukoo bora, apewe anayejua kupiga, maana filimbi ilitengenezwa ipigwe. Kwa hoja hiyo nafasi uwanjani ni ya mwenye uwezo na rangi haihusiki kabisa. Naona ndiyo hoja iliyo safi kuliko zote, na hata Azimio la Arusha la 1967 linaanza kwa kusema binadamu wote ni sawa, basi tuwape wote nafasi sawa ya kuonyesha uwezo.

DadaMwaloni

Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote naomba nipinge hilo la filimbi, na hapa nitaandika kirefu mnivumilie.

Robinson hakuchaguliwa kwa sababu ni mchezaji mzuri tu. Alisoma chuo kikuu kule California, alikuwa hodari wa michezo minne, alikuwa luteni jeshini, na alitakiwa avumilie matusi bila kujibu, mtu ambaye 1944 alishitakiwa mahakama ya jeshi kwa kugoma kukaa nyuma kwenye basi akashinda kesi! Yaani walimtafuta mtu aliyezidi karibu wote kwa kila kitu halafu wakamwambia unyamaze. Sasa wachezaji weupe waliokuwa wamekaa benchi mwaka huohuo, wale wa kawaida kabisa, nani aliwauliza kama wamesoma chuo kikuu au wanajua kuvumilia matusi? Walikuwepo tu, kwa sababu ni wazungu na wanajua kiasi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mdogo wangu ana ualbino. Alivyokuwa shule akishika namba nzuri walimu wanamsifia mbele ya wote, oneni hata yeye anaweza. Akifanya wastani kama nusu ya darasa, basi wanasema unaona, hawa watu ni shida, wakati mtoto haoni ubaoni na hawajamsogeza mbele wala kumpa maandishi makubwa. Mtoto mwingine akipata wastani anaitwa mtoto wa wastani, imeisha. Wa kwetu akipata wastani ni ushahidi dhidi ya kabila zima la watu wenye ngozi yake. Na hapo bado sijaongelea hofu tuliyoishi nayo Kanda ya Ziwa miaka ile ya mauaji ya watu wenye ualbino, kumsindikiza mtoto kila mahali.

2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, 2010 Salum Barwany akachaguliwa na wananchi Lindi Mjini, tulifurahi sana nyumbani, mama alilia. Ila niliwaza, mdogo wangu hataki kuwa mbunge, anataka kuwa fundi simu wa kawaida mwenye wateja wa kawaida. Haki yake iko wapi mpaka awe wa kipekee?

Kwa hiyo Mwalimu filimbi apewe hodari sawa, hiyo ni filimbi moja. Ila besiboli ya ligi kubwa ilikuwa na timu 16, kila moja ina wachezaji wengi, na wengi wao hawakuwa mahodari wa kutisha. Mimi ningepima haki kwa yule mweusi wa kawaida, siku anayokaa benchi pamoja na mzungu wa kawaida na hakuna anayeshangaa.

Bugando_Jr

Dada umenipa kitu cha kuwaza. Na kuna tarehe inayokuunga mkono kabisa. Boston Red Sox walimfanyia Robinson majaribio 1945 wakamwacha, na wakawa timu ya mwisho kati ya zile 16 kuchezesha mtu mweusi, mwaka 1959, miaka 12 baada ya Robinson kuingia ligi. Aliyeingia anaitwa Pumpsie Green, na hakuwa nyota, alikuwa mchezaji wa kawaida tu. Kwa kipimo chako Pumpsie Green ni muhimu kama Robinson, na hakuna anayemtaja.

Msomaji_Pasiansi

Dada Mwaloni sijui nikushukuruje, hii ya mchezaji wa kawaida hakuna aliyeiwaza kwenye kikundi chetu, sote tulikuwa tunabishana kuhusu mashujaa. Pole sana kwa mliyopitia, na mdogo wako tunamwombea.

Lakini niulize, na zile timu za watu weusi wenyewe zilienda wapi? Maana Bingo alitaka timu iwe mali yao.

Mwl_Nansio

Marahaba binti yangu Mwaloni. Hoja yako nimeielewa na ni nzito kuliko ya filimbi, Aristotle alikuwa anagawa kitu kimoja kwa mtu mmoja, wewe unauliza nani anaruhusiwa kuwa mtu wa kawaida.

Msomaji, zile timu ziliumia. Rube Foster alianzisha ligi ya weusi Kansas City mwaka 1920, ikawa na wamiliki wake, waamuzi wake, magazeti ya weusi yanaiandika. Rickey alipomchukua Robinson kutoka timu ya weusi ya Kansas City Monarchs hakulipa timu ile hata senti. Bill Veeck, mwenye timu ya Cleveland ya ligi kubwa, alimchukua Larry Doby kutoka timu ya weusi ya Newark Eagles Julai 1947, yeye alilipa kiasi, na mwenye timu aliyepambana alipwe alikuwa mwanamke, Effa Manley. Watazamaji wakawafuata nyota kule juu, na ligi kuu ya weusi upande wa mashariki ikafa baada ya msimu wa 1948. Wachezaji wachache walipanda, lakini mamia ya wa kawaida, pamoja na madereva na waandishi na wauza tiketi, walipoteza kazi. Kwa hiyo wenye ligi kubwa walifungua mlango na hapohapo wakabeba mali ya jirani bila kulipa, na kitabu cha historia kikaandika tukio la kwanza tu.

Josh Gibson, mdakaji ambaye wengi wanamwona mkubwa kuliko wote, alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia. Takwimu zake ligi kubwa ilizihesabu rasmi 2024, akampita Ty Cobb, mzungu aliyekuwa anaongoza, kwa wastani wa kupiga mpira.

Nyakato_Kwetu

Dada Mwaloni lawama yangu kwa wachezaji naiondoa, iende kwa waliowalazimisha. Ila kwa hili la Monarchs nauliza wote, kama timu ilinyang'anywa mchezaji 1945 bila malipo, leo fidia ingelipwa nani wakati wamiliki wameshakufa na timu haipo? Kuhesabu takwimu za marehemu inatosha?

DadaMwaloni

Haitoshi. Takwimu hazina gharama kwa anayezitoa. Wajukuu wa wale wachezaji wapo, na mitaa ile zilipokuwa timu ipo, waanzie hapo. Msomaji, mkikutana tena mniambie, Jumamosi jioni huwa nafunga mapema nitakuja Pasiansi.