Katibu wa kamati ya harusi, sioni, natumia TalkBack: hii listi ya michango inanimaliza

Katibu_Masikio
Wakuu habari za jioni. Mi sioni tangu utotoni, simu natumia TalkBack, ile inayosoma skrini kwa sauti, na haijawahi kunishinda, sasa ndugu zangu wamenipa ukatibu kwenye grupu la WhatsApp la harusi ya mdogo wangu, watu 180 na ushee. Shida ni listi. Si mnaijua, kila anayeahidi anakopi listi nzima anaongeza jina lake chini anarusha tena, kwa hiyo kila ikitua simu inaanza upya toka namba moja Baba Zawadi laki tatu mpaka mtu wa 94, na kila tiki inatajwa kwa jina lake refu, wakati mi nataka kujua tu nani kaongezeka. Jana wawili wamerusha pamoja, kila mmoja ana 95 yake. Waliolipa nao wanatuma skrinshoti ya muamala, kwangu hiyo ni "picha", basi. Na juzi tapeli wa forex kaingia kwa linki, naenda kumtoa nikamtoa shangazi. Mnaoendesha magrupu bila kuona mnafanyaje?

pwani_moja
Pole ila kwa shangazi nimecheka sana 😂

Mzee wa Kigoda
Kijana, kwa nini usimwachie tu mwenye macho hiyo kazi, pesa za watu hizo.

Dada_NVDA
Mzee shikamoo, ila mwenye macho ndo huyo kaandika 95 mbili.

Katibu, mi pia sioni na nimeshika chama cha kina mama mwaka wa tatu huu. Kwanza piga marufuku kukopi listi. Mtu aandike "naahidi elfu hamsini" aishie hapo, listi unatoa wewe mara moja, usiku, unaipini, inakaa hadi siku 30. Listi yenyewe usiitunzie kwenye simu, tafuta kompyuta uweke NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti, ni ya bure na sauti ya Kiswahili inakuja nayo, ya kiroboti lakini utaizoea. Mi naandika kwenye Notepad mtu mmoja mstari mmoja, nikitaka jina Ctrl+F, sekunde mbili. Na badala ya tiki andika "kalipa".

Ukiwa kwenye simu, telezesha vidole vitatu juu au chini mpaka TalkBack iseme mistari, halafu kidole kimoja chini, unashuka jina kwa jina. Inapiga kelele juu ya voisi noti? Gusa mara moja kwa vidole viwili, inanyamaza.

Skrinshoti usihangaike nazo. Waambie wakopi meseji ya muamala waibandike. Mi nilikuwa nazipitisha kwenye app ya kusoma picha, siku moja ikanisomea sifuri pungufu, nikamdai mama wa watu hela alishalipa. Sirudii.

Juma wa Likoni
Na huyo wa forex, washa ile ya admin kukubali kila anayeingia. Kumtoa mtu usitafute kwa kuteleza kwenye majina 180, andika jina kwenye kutafuta, na kabla hujathibitisha sikiliza mpaka mwisho maana inakutajia unamtoa nani. Wengi wetu tunagonga haraka haraka tu kwa mazoea. Kingine, vaa earphone sikio moja, mimi matatu nzima ilishawahi kusikia shemeji kaahidi mia mbili.

Katibu_Masikio
Dada asante, nimetangaza sasa hivi hakuna kukopi listi, tayari mjomba kakopi listi nzima kuniambia amekubali. Hiyo ya mistari sikuijua miaka yote hii, nimeshuka nimegundua Mama Rehema yumo mara mbili, 41 na 77, kiasi tofauti. Kesho nampigia. Shangazi nimemrudisha, ila salamu zangu hajibu.

pwani_moja
Huyo mpelekee kadi ya mwaliko mwenyewe kwa mkono 😂