Wakuu mlioko Marekani, hizi simu za roboti za waranti ya gari mnazikomeshaje?

Habarini wanajamvi. Niko Houston, Texas, simu yangu haipumui. Kila siku lisauti la mashine linaniambia waranti ya gari inaisha, bonyeza moja uongee na mhudumu, bonyeza mbili utolewe kwenye listi, na gari lenyewe ni Corolla ya 2009 waranti ilishakufa kitambo. Nikiblok, inakuja namba nyingine inaanza na 832 kama yangu, unapokea ukidhani ni mtu wa hapa hapa. Nilijiandikisha donotcall.gov, ile listi ya serikali ya wasiotaka simu za mauzo, lakini wapi. Nasikia kuna majimbo yana sheria kali mpaka unalipwa, kweli au stori za vijiweni?

Mzee wa Dallas: Usibonyeze kitu mkuu, hata hiyo mbili, ukibonyeza tu wanajua namba ina mtu wanaiuza kwa wenzao. Hiyo 832 ni ya kughushi, mpigaji anaweza kuwa hata hayupo Marekani. Listi ya serikali inawabana wauzaji halali, nao wana siku 31 za kukuondoa, tapeli haisomi. Na watu wa siasa na misaada haiwahusu, uchaguzi ukikaribia utanikumbuka.

binti_tampa: Kulipwa ni kweli. Sheria ya serikali kuu ya 1991, wanaiita TCPA, ukimshtaki mpigaji ni dola 500 kwa kila simu, jaji akiona walikusudia inafika 1,500. Majimbo yanaongeza yao juu. Huku Florida tangu 2021 mwisho saa 2 usiku na hawaruhusiwi kuzidisha simu 3 ndani ya masaa 24 kwa jambo lile lile. Kwenu Texas Jumapili hawatakiwi kupiga kabla ya saa 6 mchana, na tangu Septemba 2025 hata meseji za biashara zimeingizwa kwenye sheria yenu.

Kiroboto: Huku Bongo tunaambiwa "ile hela tuma kwenye namba hii" nyie mnapigiwa na mashine, kweli mbele 😂

Mzee wa Dallas: Tatizo dada sheria ipo ila unamshtaki nani? Namba feki, jina hakuna.

binti_tampa: Ndo maana unatakiwa ujue nani yuko nyuma. Anayeuza kwa simu Texas, ukiacha waliosamehewa, anatakiwa awe amesajiliwa kwa Secretary of State wa jimbo (ofisi inayosajili biashara) na ameweka dhamana ya dola 10,000. Jina likipatikana unaangalia kama yumo. Skrinshoti zenye tarehe na saa weka, halafu mahakama ndogo ya JP (Justice of the Peace) inapokea madai mpaka dola 20,000, wakili si lazima.

Mleta uzi: Aisee kuna mmoja aliniacha voismeili akataja kampuni kabisa na namba ya kumrudishia, nilitaka kuifuta leo

binti_tampa: Usithubutu!! Na hiyo namba usiipigie, tafuta jina kwanza.