Great Expectations: nachambuaje Pip anapokutana na Magwitch bila kusimulia hadithi nzima?

Zabibu_Chungu (Ng'ong'ona, Dodoma)
Wakubwa shikamooni. Wiki ijayo nina mtihani wa riwaya ya Kiingereza, Great Expectations ya Charles Dickens, na kuna swali la wahusika wanavyokutana. Kila nikijaribu kuandika Pip na Magwitch, yule mfungwa mtoro, kule makaburini, karatasi inarudi na wino mwekundu: "Unasimulia!" Sasa kuchambua ndiyo kufanyaje?

Mwl_wa_Kongwa
Marahaba mwanangu. Insha nyingi ninazosahihisha zinafia aya ya kwanza: "Pip alikuwa yatima, siku moja akaenda..." Msahihishaji kitabu anakijua, hataki kuhadithiwa.

Wewe fuata mikono. Sura ya 1, Magwitch anamning'iniza Pip kichwa chini, mifukoni kunadondoka kipande cha mkate. Angalia anavyoeleza Dickens: kanisa ndilo lililopinduka, mnara ukawa chini ya miguu. Hayo ni macho ya mtoto, lakini anayesimulia ni Pip mtu mzima, na anajicheka kidogo. Halafu jitu lenyewe linaubugia ule mkate. Mwenye nguvu ndiye mwenye shida!

Kisha ruka hadi sura ya 39. Ya katikati achana nayo, nakusihi. Usiku wa dhoruba, London, Pip ana miaka 23. Mgeni, kumbe ni Magwitch, anamnyooshea mikono yote miwili. Pip anampa yake kwa shingo upande, mzee anaibusu. Akitaka kumkumbatia, anazuiwa. Hapo Pip anamrudishia noti mbili za pauni moja moja, mfano wa zile alizotumiwa naye utotoni, eti akamsaidie mtoto mwingine maskini. Magwitch anazisokota, anazichoma kwenye taa. Noti hizo zikupe nusu ya insha: kijana anajiona kafuta deni, kumbe hata nguo aliyovaa imetoka kwa huyohuyo, mfadhili wake wa siri.

Mrangi_Msomaji
Mwalimu, kwa ruhusa yako. Asisahau sheria: Magwitch alipelekwa Australia kifungo cha maisha, kurudi Uingereza ni kitanzi. Ndiyo maana Pip anakimbilia kufunga madirisha.

Mwl_wa_Kongwa
Kweli kaka, ila sentensi moja inatosha. Vijana wetu wakiingia kwenye historia ya wafungwa hawatoki.

Zabibu_Chungu
Ahsanteni sana. Na wakidai mfano wa pili?

Mwl_wa_Kongwa
Mchukue Joe, shemeji yake Pip, mhunzi, sura ya 27, anapomtembelea Pip mjini. Andika kuhusu ile kofia inayodondoka kila mara pale juu ya meko, na jinsi anavyomwita "bwana" kijana aliyemlea mwenyewe.