Nani aliwaambia watunzi wetu kwamba Kiswahili ni lugha ya matusi?

Ndugu zangu, nimevumilia vya kutosha. Jumatatu hii, katika darasa la tano ninalolifundisha hapa Jinja, Uganda, nilimtaka kila mwanafunzi atunge sentensi moja ya Kiswahili. Msichana mmoja mpole, ambaye sijawahi kumsikia akimvunjia mtu heshima, alisimama akasema kwa sauti ya wazi: "Lala chini, mbwa wewe!" Nilipomuuliza aliyatoa wapi maneno hayo, alinijibu kwamba ndivyo askari alivyosema katika igizo la shule la mwaka jana, naye alidhani ni salamu ya wanajeshi.

Mtoto sikumlaumu. Ninaowalaumu ni watunzi wa maigizo ambao mhusika wao akizungumza Kiluganda huwa baba, jirani au mchungaji, lakini akifungua kinywa kwa Kiswahili hana budi kuwa mwizi au askari, na hana budi kutukana. Najua kidonda hiki kilikoanzia: Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la kikoloni, kikabaki kambini baada ya uhuru, na katika utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, watu walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, mtutu wa bunduki ukiwaelekea. Wazee waliopitia hayo siwezi kuwakemea. Kijana ambaye hakuwapo, anayeliokota tusi lile lile ili ukumbi ucheke, huyo hana udhuru.

Kiswahili kiliingizwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tutakifundishaje, ikiwa mtoto anafika darasani akijua "kumbafu", yaani mpumbavu, kabla ya "shikamoo"? Na wala si jukwaani tu. Stella Nyanzi, msomi na mwanaharakati, alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2019 kwa shairi la matusi juu ya Rais, hukumu iliyotenguliwa Februari 2020. Lakini mlinzi wa soko aliyemwita "kumbafu" mama mzee muuza gonja, ndizi za kuchoma, mbele yangu, wala hakuna aliyemgeukia. Yule mama aliokota ndizi zake kimya kimya.

Igizo la muhula huu limeshaandikwa, na askari yumo tena. Niliomba maneno yake yabadilishwe, nikajibiwa kwamba wazazi hawatacheka.