Naombeni vifungu vya somo: vijana kudumu katika imani wakishatoka nyumbani

Mtumishi_Mdogo: Wakuu, shikamooni wakubwa zangu. Jumapili nimepewa kipindi na vijana wa kipaimara wanaokwenda vyuoni na makazini. Mada: kudumu katika imani ukiwa mbali na wazazi. Naandika, nafuta. Nisaidieni vifungu.

Mzee wa Besi: Marahaba. Mhubiri 12:1, kisha 2 Timotheo 2:22. Umemaliza. Shida yao ni simu tu.

BintiSayuni: Mzee, hivyo wamevisikia tangu shule ya Jumapili. Mimi sikuanguka kwa dhambi kubwa. Nilianza kazi ya zamu, Jumapili nikawa nalala, na hakuna aliyeuliza niko wapi. Kilichonirudisha ni mama mmoja wa kanisani. Alinipigia, hakuhubiri, akasema wanahitaji mtu wa kupanga viti. Waambie wakifika ugenini waombe kazi kanisani kabla hawajaanza kuchagua mhubiri anayewafurahisha.

NgumiJiwe: Mimi nilirudishwa na soprano mmoja. Sasa tuna watoto watatu 😂

Kipaza: Mtoa mada, wewe mwenyewe unasali wapi? Huko kuandika na kufuta kuna jambo.

Mtumishi_Mdogo: Hiyo siyo mada.

Kipaza: Ndiyo mada yenyewe.

Mtumishi_Mdogo: Haya. Ibadani sijaingia siku nyingi. Naishi na mchumba, ndoa bado, mchungaji hajui. Lakini tuna malengo, na kipindi nilishakikubali, siwezi kumwangusha mchungaji. Hata Agostino aliishi na mwanamke miaka mingi bila ndoa, leo si mtakatifu?

Mzee wa Besi: Agostino alibatizwa mwaka 387, akiwa na miaka 32. Alipokuwa akiishi hivyo alifundisha balagha, yaani ufundi wa kuhutubia, hakufundisha kipaimara.

Kipaza: Subirini kwanza. Si wewe uliyelalamika humu majuzi kwamba mkeo kabadilisha nywila ya simu? Mke yupi? Hii chai.

Mtumishi_Mdogo: Ule uzi aliandika shemeji. Akaunti tunatumia wote.

NgumiJiwe: Shemeji naye kaingia! Leteni vikombe.

Kipaza: Na kesho atasema hata huu kaandika shemeji.

BintiSayuni: Iwe chai isiwe chai, wapo wengi humu wa hivyo, wamekaa kimya wanasoma. Ila huyo Agostino mnamtaja nusu. Yule mwanamke alirudishwa Afrika ili jamaa aoe binti aliyechaguliwa, mtoto wao akabaki kwa baba, na huyo mwanamke hata jina lake hatulijui. Mtoa mada, mwenzio anajua Jumapili unakwenda kufundisha nini?

Mtumishi_Mdogo: Anajua. Amesema atakuja, atakaa kiti cha mbele.

Mzee wa Besi: Mpigie mchungaji leo, mweleze yote. Usingoje Jumamosi usiku.

NgumiJiwe: Au mtume shemeji akafundishe.