Ruta za Dar na Dodoma: napimaje kuchelewa na kupotea kwa fremu (vipande vya data) bila kuzima laini?

kebo_ndefu: Wadau habari za jioni, naombeni msaada kwa wenye uzoefu. Tuna laini ya Ethernet juu ya faiba toka Dar mpaka tawi la Dodoma, tumekodi, kila upande kuna ruta ya Juniper MX. Mchana simu za ofisini zinakwaruza na maneno yanamezwa, nikipiga pingi naona 9 ms mara inaruka 60 halafu inarudi, nikimtumia mtoa huduma ananijibu pingi sio ushahidi, laini iko safi. Sasa nipime vipi asinibishie? Kuzima siwezi, watu wako kazini.

FundiMnara: Mkuu, kwenye pingi ana pointi. Ruta inaijibu kwa CPU ikipata nafasi, na nyingi zimewekewa kikomo, kwa hiyo hiyo 60 inaweza kuwa ni ruta tu iko bize. Unachotaka ni Y.1731 ya ITU, kiwango cha kupima ubora wa laini za Ethernet, inakaa juu ya CFM, ile IEEE 802.1ag ya kukagua kama laini imeunganika. Weka MEP (ncha ya kupimia) Dar na nyingine Dodoma, domeni moja (jina la eneo la kupimia) na leveli moja (namba ya ngazi yake), zikishaonana kwa CCM, yaani fremu za kujulishana kuwa ziko hai, tuma DMM (fremu ya kupima kuchelewa), Dodoma itarudisha DMR (jibu lake). Ndani yake kuna nyakati nne: T1 imetoka Dar, T2 imefika Dodoma, T3 imeondoka Dodoma, T4 imerudi Dar. Chukua T4 toa T1, kisha toa ule muda iliokaa Dodoma yaani T3 toa T2, inabaki safari tupu, na saa za ruta mbili hata zikipishana haidhuru. Kwenye MX amri inaanza na `monitor ethernet delay-measurement two-way`, ila washa kwanza `hardware-assisted-timestamping`, la sivyo muda unagongwa na CPU na unarudi kulekule kwa pingi.

kebo_ndefu: Shukrani sana kaka. Na nikitaka njia moja tu? Wanaolalamika zaidi ni wa Dar, sauti ya Dodoma ndo haifiki vizuri.

Bi_Swichi: Hapo ni 1DM, fremu ya kupima kuchelewa kwa njia moja, na hiyo inataka saa za pande zote mbili ziwe sawasawa. Mwanga ndani ya faiba unakula kama 5 µs kwa kilomita, sasa faiba ya kilomita 450 ni 2.25 ms kwenda, saa zikipishana 3 ms tu kwa NTP (njia ya kawaida ya kulinganisha saa kwenye mtandao) unaweza kupata jibu hasi kabisa 😅 PTP, ile ya usahihi zaidi, ndo inafaa. Lakini mdogo wangu, kwa simu angalia mtikisiko, yaani fremu hii na inayofuata zimepishana kiasi gani. Saa zikiwa zimepishana kwa kiasi kilekile, ukitoa moja kwa nyingine hiyo tofauti inajifuta yenyewe, kwa hiyo mtikisiko wa upande wa Dodoma unaupata bila PTP.

FundiMnara: Umemaliza dada. Upotevu sasa. LMM, fremu ya kupima upotevu, inalinganisha kaunta za fremu halisi, nzuri sana ila ni kwa laini ya pointi mbili tu, kama wamekupa VPLS (huduma inayounga matawi kama yako kwenye swichi moja) yenye matawi mengi kaunta hazitalingana, tumia SLM ambayo inatuma fremu zake za kupimia na kuhesabu zilizorudi. Usipime dakika moja ukaridhika. Ukituma kila 100 ms ni fremu 600 kwa dakika, ikipotea moja tayari ni karibu 0.17%, hujui ni bahati mbaya au ni ugonjwa. Acha saa nzima zifike 36,000, tena mchana huohuo simu zinapokwaruza. Na prayoriti ya 802.1p, namba ndani ya fremu inayoonyesha ipite foleni gani, iwe ileile ya sauti, wengi wanaweka 5, maana ukipima kwa 0 umepima foleni ya watu wengine.

kebo_ndefu: Nimejaribu haraka hapa, MEP ya Dodoma haionekani kabisa, CCM hazifiki.

Bi_Swichi: Umetumia leveli gani? Za wateja kwa kawaida ni 5 mpaka 7, ukiweka ya chini swichi zao zinaila njiani. Weka 6 halafu waandikie waiache ipite, na waulize hapohapo kama ni VPLS.